Taa Zenye Degedege na Dayodi ya Chaja Mbovu

Shangazi yangu hajui volti wala ampea, lakini ndiye aliyeutaja ugonjwa kwa jina lake. Ilikuwa Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya sendofu ya binamu yangu, na nilikuwa nimetandaza mita 5 za taa za mkanda sebuleni kwake Temeke. Nilizipanga ziende kama wimbi, bluu ikiingia kwenye zambarau, nyuma ya kiti cha bibi harusi. Zikaruka nyeupe, zikaruka kijani, zikatulia kidogo, zikaanza tena. Shangazi akasimamisha ungo wa mchele. "Baba, hizi taa zako zina degedege?"

Kilichoniuma ni kwamba jana yake, chumbani kwangu, zilikuwa hazina neno.

Basi nitakupa hatua tatu za kuwasha taa kama hizi kwa bodi ya ESP32 bila degedege. Jinsi ya kuweka Arduino IDE na maktaba ya FastLED sielezi, video zake zimejaa. Hasi ya bodi na hasi ya mkanda ziungane, na hilo nalo unalijua.

Kwanza, kabla hujatoa hela, hesabu vidoti vya shaba kwenye ncha ya mkanda. Vitatu vilivyoandikwa 5V, DIN na GND kwa kawaida ndio WS2812B, ambao kila taa inapokea rangi yake. Ukiona vinne, 12V na herufi R, G, B, mkanda mzima utawaka rangi moja kwa wakati mmoja. Kuna muuzaji Kariakoo aliniapia kwamba wa vinne "nao unaprogramika, bosi, una hadi rimoti." Rimoti! Leo unapamba kabati la vyombo la mama.

Pili, umeme. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili inaweza kula miliampea 60. Zangu zilikuwa 150, yaani ampea 9. Pawasaplai niliyoanza nayo ilikuwa ya ampea 2, ikichemka kama pasi, kwa hiyo Alhamisi asubuhi nikajikakamua nikanunua ya ampea 10, ile ya bati lenye matundu. Degedege likaanza siku hiyohiyo. Kibovu kilifanya kazi, kizuri kikaharibu.

Nilibadilisha waya. Nikabadilisha bodi, ESP32 mbili zote. Niliandika programu upya mara nne, na nikamtukana kimoyomoyo kila aliyewahi kuniuzia kitu. Saa nne usiku ndipo nikafungua karatasi ya maelezo ya WS2812B, ambayo ningeifungua saa moja. Taa hii ina uhakika wa kusoma kwamba ishara iko "juu" pale tu inapofika asilimia 70 ya volti inayoilisha. Pawasaplai mpya ilitoa volti 5.1, kwa hiyo taa ilidai karibu 3.6. ESP32 inatoa 3.3. Ile mbovu, nilipoipima kwa mita, ilikuwa imelegea hadi 4.6, na taa ikaridhika na 3.2. Udhaifu wake ndio uliokuwa ukinibeba.

Dawa rasmi ni chipu ya 74AHCT125, inayopandisha ishara hadi volti 5. Saa nne usiku Temeke huipati. Nilichokuwa nacho ni chaja mbovu ya simu, na ndani yake dayodi ya 1N4007.

Fanya hivi. Kata taa moja ya mwanzo wa mkanda. Chanya yake ipitishe kwenye dayodi, upande wenye mstari wa fedha ukitazama taa. Dayodi inameza takribani volti 0.7, hivyo taa hiyo inabaki na 4.4 na kudai 3.1 tu. ESP32 inaimudu. Kila taa ya WS2812B husoma biti 24 zilizo zake, kisha huzitengeneza upya zinazobaki na kuzisukuma mbele. Ishara inayotoka hapo ina volti 4.4, na taa zinazofuata, zinazolishwa 5.1, zinaisikia vizuri. Hiyo ya kwanza ni mkalimani. Mwache gizani: kwenye programu mpe rangi nyeusi, na wimbi lianzie kwa ya pili.

Nikalehemu mikono ikitetemeka kuliko taa. Nikawasha. Wimbi likapita, bluu, zambarau, bila kukohoa. Shangazi akaangalia, akasema, "Sasa zimepona," akarudi kwenye mchele wake.

Hatua ya tatu ilikuwa programu yenyewe, lakini nimeshakuchosha. Ukiomba nyekundu ukapata kijani, andika GRB mahali pa RGB.

Jumamosi ziliwaka saa tano mfululizo. Dayodi bado ipo palepale, imezungushiwa selotepu. Anayelijua duka Kariakoo lenye 74AHCT125 halisi aniambie, nataka mbili.