MAFUTA MAZITO NA MITEGO YAKE ARDHINI

Kuchuruzika kwa mafuta ardhini huko Tundaua, kisiwani Pemba, kumewafanya wananchi wengi kuuliza iwapo hiyo ni dalili ya utajiri. Jawabu lake lahitaji elimu kidogo ya miamba.

Mafuta hutokana na mabaki ya viumbe wadogo yaliyofukiwa katika matope ya kale na kupikwa na joto la ardhi. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda kupitia mawe ya mchanga mpaka yazuiwe na mwamba usiopenyeka. Huo ndio mtego, yasipoukuta, hupotea.

Mafuta mazito yana historia yake. Milima mikubwa inapoinuka, uzito wake hulididimiza gamba la dunia, na mbele yake hufanyika bonde linalojaa mashapo. Bonde hilo huwa na kina kirefu upande wa milima na kifupi upande wa pili. Mafuta yaliyopikwa kilindini husafiri masafa marefu yakipanda taratibu hadi ukingoni, karibu na uso wa ardhi. Huko joto ni dogo, na bakteria waishio katika maji ya ardhini hula sehemu zilizo nyepesi. Yanayobaki huwa mazito kama lami, hayatiririki tena, na huweza kuwa kizibo cha mafuta yanayofuata nyuma. Ndivyo ilivyokuwa Alberta, Kanada, mbele ya milima ya Rocky, na katika ukanda wa Orinoco, Venezuela.

Pemba haimo katika bonde la namna hiyo, bali katika mashapo ya pwani. Musoma na Bunda, mkoani Mara, ziko juu ya miamba ya kale mno, yenye dhahabu, isiyofaa kutafutiwa mafuta. Hata hivyo, funzo ni moja: mchirizi huthibitisha kwamba mafuta yalipikwa, hauthibitishi kwamba yamebaki mtegoni. Kisima cha Pemba-5, kilichochimbwa miaka ya 1960, hakikufikia uzalishaji.

Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi asilia mwaka 2016, na utafiti ndio utakaotoa hukumu. Kwa hiyo, wananchi wanaombwa wasiuze wala wasinunue mashamba kwa kutegemea mchirizi, wasiwashe moto karibu nao, na watoe taarifa kwa Sheha kila waonapo mchirizi mpya.