Kufunga Mkanda Bila Daftari

Somo la wiki. Andiko: 1 Wafalme 9:10–14, 1 Wafalme 12:1–19, Luka 14:28–30

Juzi baada ya ibada mama mmoja anayeuza mahamri kule Kibokoni aliniuliza, "Pasta, mbona kila serikali inasema itapunguza matumizi, na kila mwaka kodi inapanda?" Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, lakini jibu lake nililipata katika Wafalme. Hebu tufungue.

1. Jengo linaonekana leo, hesabu inakuja kesho

Sulemani alijenga miaka 20, hekalu kisha nyumba yake. Mbao na dhahabu zilitoka kwa Hiramu, mfalme wa Tiro. Ujenzi ulipoisha, Sulemani akampa Hiramu miji 20 ya Galilaya. Andiko halisemi kama wenyeji wa miji ile waliulizwa.

Sisi wa Mombasa habari hii tunaielewa. Reli ya SGR ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Iligharimu kama shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa ni mkopo kutoka China. Treni ni nzuri, hata mimi naipanda. Lakini reli ilihitaji mapato, basi mizigo ya bandarini ikaagizwa ipande treni mpaka Nairobi. Madereva wa malori, mawakala wa forodha na akina mama wanaowapikia wakaumia. Kurudisha shughuli hizo Mombasa kulitangazwa Septemba 2022, siku Rais Ruto alipoapishwa.

2. Ahadi si hesabu

Sulemani alipofariki, watu walimwendea Rehoboamu kule Shekemu wakiwa na ombi moja tu: punguza nira. Wazee wakamshauri akubali. Yeye akawafuata vijana wenzake, akaahidi nira nzito zaidi, kisha akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa. Adoramu alipigwa mawe, na ufalme ukagawanyika.

Viongozi wetu hawaahidi nira nzito. Wanaahidi nyepesi, lakini hesabu inakataa. Septemba 2022 Rais aliagiza Hazina ipunguze matumizi kwa bilioni 300. Juni 2022 deni la taifa lilikuwa kama trilioni 8.6, kufika Juni 2025 lilikuwa kama trilioni 11.8. Na tuwe wa haki: mwaka 2013 halikufika trilioni 2, kwa hivyo huu si mzigo wa serikali moja. Tena mwaka 2023 shilingi ilianguka sana. Ukiwa na deni la dola na shilingi ikaanguka, deni linanenepa hata kama hujakopa senti.

Mzigo ule ukatushukia sisi. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16, na nauli tuliiona. Juni 2024 vijana waliandamana, hata hapa Barabara ya Moi. Nchini watu walikufa, na tarehe 26 Juni Mswada wa Fedha ukaondolewa. Lakini mswada ukiondoka, deni haliondoki nao. Pengo lile lazima lizibwe kwa kupunguza matumizi au kwa kukopa tena.

3. Na kwetu je?

Sipigii chama debe. Nitaanza na nyumba yangu. Januari mwaka jana niliitangazia familia kwamba hatukopi tena. Kufika Machi nilikuwa na mikopo miwili ya simu, wa pili ukiwa wa kulipa wa kwanza. Mke wangu aliuliza neno moja tu: "Umeandika wapi?" Sikuwa nimeandika popote. Nilikuwa na ahadi, sikuwa na daftari. Serikali nayo, Februari 2024, ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya juu ili kulipa deni la dola lililochukuliwa mwaka 2014. Niliposoma habari ile sikuweza kucheka.

Sasa kanisa letu. Mnajua kamati ya ujenzi imependekeza mkopo wa kumalizia madarasa ya watoto. Mimi nimo katika kamati hiyo. Bwana Yesu katika Luka 14 anasema mjenzi huketi kwanza akahesabu gharama. Kwa hivyo katika mkutano wa washirika msituitikie "amina" tu. Tuulizeni: jumla pamoja na riba ni ngapi? Sadaka zikipungua, tutakata nini? Nani atasoma hesabu mbele yenu kila mwezi? Tukishindwa kujibu, tusikope. Watoto wetu wakae chini ya turubai mwaka mmoja zaidi kuliko kuwarithisha deni.

Hatuwezi kumdai mbunge daftari ambalo sisi wenyewe hatuna.

Ya kufanya wiki hii

• Andika madeni yako yote, hata la dukani. Msomee mwenzi wako au ndugu unayemwamini.
• Kaunti na Bunge huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Kila ushirika wa nyumbani uchague mmoja wa kwenda kusikiliza na kuuliza.
• Jadilini: wazee wa 1 Wafalme 12 waliona nini ambacho vijana hawakukiona?

Ombi

Bwana, tupe viongozi wanaohesabu kabla ya kuahidi, na uanze na sisi. Katika jina la Yesu, amina.