Boya Lapata Wapi Nishati ya Kupanda?

Jiwe liangukapo hupoteza nishati tuli, yaani nishati itokanayo na mahali lilipo, na kupata nishati mwendo. Lakini boya lililozamishwa majini likiachwa, hupata kimo na mwendo kwa pamoja. Je, kanuni ya hifadhi ya nishati imevunjwa?

La. Jibu limo katika maji yenyewe. Na lichukuliwe boya lenye ujazo wa lita 1 na tungamo kilogramu 0.2, na mvutano wa dunia uwe nyutoni 10 kwa kila kilogramu. Boya lipandapo mita 2 hupata nishati tuli ya jouli 0.2 × 10 × 2 = 4. Lakini haliwezi kupanda pasipo maji kushuka na kuijaza nafasi liliyoiacha. Lita 1 ya maji, yaani kilogramu 1, hushuka mita 2 na kupoteza jouli 20. Zabaki jouli 16.

Jouli 16 zikigawanywa kwa mita 2 hupatikana nyutoni 8, nayo ndiyo tofauti kati ya kani ya Archimedes (nyutoni 10) na uzito wa boya (nyutoni 2). Kanuni hizo mbili hazipingani.

Hata hivyo, mwanafunzi asilipe boya jouli zote 16. Kasi yake ingekuwa karibu mita 13 kwa sekunde, jambo lisiloonekana. Sehemu kubwa huwa mwendo wa maji yalizungukayo boya, na joto la msuguano.

Mara kwa mara hutokea mbunifu achoraye mnyororo wa maboya: upande mmoja yapanda ndani ya tangi la maji, upande wa pili yashuka hewani, akitumaini mashine itazunguka daima bila kuni wala mafuta. Kwa kina cha mita 2, kila boya hutoa jouli 16 likipanda na jouli 4 likishuka, jumla 20. Lakini kuliingiza tangini kutoka chini ni kuisukuma lita 1 ya maji dhidi ya kanieneo ya nyutoni 20,000 kwa mita ya mraba. Kazi hiyo ni jouli 20. Faida ni sifuri. Msuguano huongeza hasara.

Zoezi: Rudia hesabu ya mashine hiyo kwa boya la kilogramu 0.5 lenye ujazo uleule. Je, faida yabadilika? Eleza kwa nini.