Unyayo Ulionyoka Haujapona Bado

Mtoto azaliwapo na nyayo zilizopinda kuelekea ndani, nyumba nyingi huingiwa na fadhaa. Majirani hunong'ona, mama hushutumiwa kuwa alivunja mwiko, na mtoto hufichwa katika nguo. Twasema wazi: lawama hizo hazina msingi. Kilema hiki, kiitwacho mguu kifundo, huwapata watoto wa mataifa yote, yapata mmoja katika kila 1,000, na wavulana huwazidi wasichana maradufu. Tena kina tiba.

Tiba hiyo iliasisiwa na Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania, alipokuwa akifanya kazi Iowa, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtaalamu huunyosha unyayo kwa mikono, polepole, kisha huufunga plasta kutoka vidoleni hadi pajani. Kila juma plasta hubadilishwa, na unyayo husogezwa kidogo tena. Baada ya plasta 5 hadi 7 hivi, watoto walio wengi hutiwa ganzi, wakakatwa kano ya kisigino kwa jeraha dogo mno, na kufungwa plasta ya mwisho kwa majuma 3. Yafaa kuanza katika majuma ya kwanza ya maisha, viungo vya mtoto vingali laini.

Hapo ndipo penye hatari. Wazazi wauonapo unyayo umenyoka, hudhani kazi imekwisha. La hasha! Sasa mtoto hana budi kuvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kila siku kwa miezi 3. Kisha awapo usingizini tu, hadi atimize miaka 4 au 5. Viatu vikiachwa mapema, unyayo huweza kupinda tena, na safari ya plasta ikaanza upya.

Mtoto atalia siku za kwanza. Mama asimvue kwa huruma, wala baba asiseme kuwa hiyo ni kazi ya wanawake. Baba na atafute nauli ya hospitali, naye amfunge mtoto viatu usiku mama achokapo.

Wazee walinena: samaki mkunje angali mbichi. Nasi twaongeza: ukisha kumkunja, usimwachilie upesi. Uvumilivu wa miaka michache utampa mtoto miguu ya kutembelea maisha yake yote.