KADI ZA KRISMASI HUANZA AGOSTI
Somo kwa vikundi vinavyotaka kutengeneza kadi, nyota na mifuko ya zawadi kwa karatasi za mkono



Kila mwaka ikifika Novemba ofisi yetu hupata wageni wa aina moja. Ni vikundi vinavyotaka kufundishwa haraka haraka namna ya kutengeneza kadi na mapambo ya karatasi ili viuze wakati wa Krismasi. Tunawakaribisha, tunawapa chai, kisha tunawaambia neno wasilopenda kulisikia: mmechelewa. Rudini mwaka ujao, tuanze mwezi wa nane.

Hatusemi hivyo kwa ubaya. Tulifundishwa na makosa yetu wenyewe. Mwaka 2018 tulikuwa na kikundi cha akina mama 14 upande wa Kisii, mahali ambapo migomba imejaa mpaka mlangoni. Kila mama alitoa shilingi 500, jumla 7,000, za kununua mbao, wavu, mikasi, gundi na bahasha. Tulianza nao Novemba, mvua ikinyesha. Karatasi zilikataa kukauka. Walipomaliza kadi 400 ilikuwa tarehe 18 Desemba, na watu walikuwa wameshanunua walichotaka kununua. Duka moja mjini lilichukua kadi 200 kwa maneno matupu, ati "leteni tu, tutalipana zikiisha." Januari duka hilo lilitoa pesa za kadi 40, na 160 zikarudishwa zikiwa na vumbi na alama za vidole. Zile 200 zingine, waliuza 70 nje ya kanisa kwa shilingi 50. Zilizobaki ziliwekwa ndani ya gunia chini ya kitanda cha mweka hazina, na kufikia Pasaka zilikuwa zimeshika ukungu.

Hebu fanyeni hesabu. Kadi 110 kwa shilingi 50 ni 5,500. Hata pesa za mchango hazikurudi. Mama mmoja alijitoa, akidai 500 zake mbele ya wote, na mkutano huo ulikuwa mgumu kuliko yote tuliyowahi kukaa. Lawama nyingi zilikuwa zetu. Tulifundisha mikono yao kazi, hatukuwafundisha kalenda wala hesabu. Kwa hivyo somo hili lina yote matatu.

KALENDA
Mvua za vuli huanza karibu na Oktoba sehemu nyingi za nchi yetu, zikaendelea hadi Desemba. Karatasi ya mkono ni kama nguo nzito: bila upepo na jua haikauki vizuri, ikichelewa hunuka na kuota madoa. Basi karatasi zote zitengenezwe Agosti na Septemba, zikaushwe, zihifadhiwe. Kubandika picha ni kazi ya ndani, inaweza kufanywa hata mvua ikinyesha. Oktoba mnatembea na sampuli mkitafuta maagizo. Novemba mnamaliza na kupeleka. Watu wa parokia huanza kufikiria mapambo Majilio yanapoingia, yaani Jumapili nne kabla ya Krismasi. Siku hiyo bidhaa zenu ziwe mezani tayari.

KARATASI YENYEWE
Karatasi si kitu cha ajabu. Ni nyuzi za mmea zilizolowa maji, zikatandazwa, zikashikana zikikauka. Huko China, mwaka 105, afisa wa mfalme aitwaye Cai Lun alieleza namna ya kuitengeneza kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Yaani takataka. Kisumu nako kuna vikundi vilivyotengeneza karatasi kwa gugu maji, lile lililovamia Ziwa Victoria. Kwa hivyo mtu asiwaambie kwamba hamna mali.

Sisi huchanganya nyuzi za mgomba na karatasi kuukuu, sehemu moja ya mgomba kwa tatu za karatasi. Madaftari ya watoto yaliyoisha ndiyo mazuri. Magazeti hutoa rangi ya kijivu kwa sababu ya wino. Toeni pini zote. Jalada linalong'aa wekeni kando, halilainiki. Rarueni vipande vidogo kama kidole gumba, vilale ndani ya maji usiku kucha, kisha vipondwe kwenye kinu mpaka viwe uji. Namna ya kupima: wekeni kijiko kimoja ndani ya chupa ya maji, mtikise. Mkiona mabonge, rudini kwenye kinu.

Mgomba ukatwe ule ulioshatoa mkungu. Msichukue wote, maana ng'ombe naye anautaka na shamba linataka matandazo. Kateni vipande vya sentimita 2, vikauke juani, kisha vichemshwe kwa maji ya majivu saa tatu au nne, hadi nyuzi ziachane mkizivuta kwa vidole. Maji ya majivu ni rahisi: chekecheni majivu ya kuni, mwagieni maji, yatulie usiku mmoja, mchote yale masafi ya juu. Hapa tuna onyo mbili. Maji hayo huchoma ngozi na macho, basi vaeni glavu na watoto wakae mbali. Na msitumie sufuria ya alumini, kwa sababu maji ya majivu huila. Mama mmoja alitoboa sufuria yake ya sherehe hivyo, na mpaka leo anatukumbusha. Tumieni debe la chuma au chungu. Kwa kuwa kazi hii inakula kuni nyingi, chemsheni mara moja kwa wiki, nyingi kwa pamoja. Suuzeni mpaka maji yatoke meupe, halafu mponde.

Sasa fremu. Fundi awatengenezee mbili zinazolingana, nafasi ya ndani iwe sentimita 15 kwa 21. Moja ipigiliwe wavu laini wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, ukazwe kama ngoma. Ya pili haina wavu, hukaa juu yake kuzuia uji usimwagike. Kipimo hicho tumekichagua kwa sababu: karatasi ya 15 kwa 21 ikikunjwa katikati huwa 10.5 kwa 15, na inaingia vizuri ndani ya bahasha ya kawaida ya sentimita 11.4 kwa 16.2 inayouzwa madukani. Kikundi cha kwanza kilipima kwa macho, kadi zikawa kubwa kuliko bahasha. Kazi bure.

Jazeni maji kwenye karai pana, mtie uji, mkoroge kwa mkono. Shikeni fremu mbili pamoja, izamisheni kwa ubavu, ilazeni chini ya maji, mwinue ikiwa sawa kabisa. Tikiseni kidogo kushoto na kulia ili nyuzi zipishane. Ikiacha kudondosha, ondoeni fremu ya juu, mgeuze ile yenye wavu juu ya kipande cha blanketi kuukuu kilicholoweshwa, mkamue kwa sponji nyuma ya wavu, kisha mwinue polepole kuanzia upande mmoja. Ya kwanza itararuka. Ya pili pia. Kufikia ya kumi mtacheka. Pangeni karatasi na vipande vya blanketi kwa zamu, mpaka ishirini, mweke kati ya mbao mbili na mawe mazito juu kwa saa moja. Halafu kila moja ikauke juu ya ubao kivulini penye upepo. Jua kali huikunja kama jani la tumbaku.

Kama kadi itaandikwa kwa kalamu, pakeni uji mwepesi wa wanga wa muhogo, vijiko viwili kwa lita moja ya maji, uliopikwa na kupoa. Bila huo wino husambaa.

KADI
Magamba makavu ya mgomba yana rangi nyingi zisizohitaji dawa, kuanzia maziwa hadi kahawia iliyoiva. Yapanguseni vumbi, yanyoosheni kwa pasi isiyo moto sana, mkate maumbo na kubandika kwa gundi nyeupe ya maseremala. Gundi ya unga wa ngano ni bei rahisi, lakini mende na panya huipenda. Tengenezeni picha za maisha yenu: mama na mtungi, nyumba ya msonge, mchungaji na kondoo, mtoto amelala horini. Tumeona vikundi vikihangaika kuchora theluji ambayo hakuna hata mmoja wao amewahi kuikanyaga, na kusema kweli kadi hizo hukosa uhai. Maneno ya ndani yawe machache, au pawe patupu ili mnunuzi aandike kwa lugha ya kwao. Mkiandika, mwalimu asome kwanza. Kadi 60 za mwaka ule zilikuwa na neno la Krismasi la Kiingereza lililopungua herufi moja, na hakuna aliyeona mpaka mnunuzi alipocheka.

NYOTA NA MIFUKO
Hizi hazihitaji karatasi ya mkono. Kalenda za mwaka uliopita ni ngumu na zina rangi. Kwa nyota, kateni kipande cha sentimita 20 kwa 45. Kikunjeni mbele na nyuma, kila kunjo sentimita moja na nusu, mikunjo ikifuata ule upande mfupi. Kazeni katikati kwa uzi, kateni ncha zote mbili kwa mshazari, fungueni kama feni pande zote mbili, mgundishe kingo zinapokutana. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Zitundikeni mbali na mishumaa.

Mifuko ndiyo iliyotushangaza. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, mtu mwenye zawadi anahitaji kitu cha kuitia. Karatasi ya mkono peke yake hupasuka penye mpini, hivyo mwili wa mfuko uwe wa kalenda au karatasi ya kahawia, na ya mkono ibandikwe mbele kama pambo. Chini na penye mpini wekeni kipande cha kadibodi. Mpini uwe kamba ya katani. Mfuko wa zawadi hununuliwa kwa arusi, kipaimara, ubatizo na Idi ya majirani zetu. Hauna msimu mmoja kama kadi.

HESABU
Akina mama wale walituambia kadi ya shilingi 50 ni faida tupu, "kwani mgomba si wetu?" Tulikaa nao na saa mezani. Ikawa mama mmoja, ukihesabu kuponda, kuvuta karatasi na kubandika, humaliza kadi sita kwa siku. Sita mara 50 ni 300. Ondoa bahasha na gundi, shilingi 10 kwa kila kadi, zabaki 240. Na kibarua cha shambani kijijini kwao kililipa 250. Kimya kilitanda. Yaani hata kama kadi zote zingeuzwa, walikuwa wakijilipa chini ya kibarua.

Hawakuacha. Walibadili mpango. Badala ya kila mmoja kufanya kila kitu, waligawana: wawili kinuni, watatu kwenye karai, wengine mezani na mikasi. Kwa njia hiyo ilitoka wastani wa kadi kumi kwa kila mama kwa siku, na baada ya gharama ni shilingi 400. Hiyo ni kazi. Lakini ni kazi tu ikiwa zina mnunuzi, na hapo ndipo tunaposisitiza: msitengeneze kadi zaidi ya zilizoagizwa, isipokuwa chache za sampuli. Siku hizi wengi hutuma salamu kwa simu, kadi ni ya mtu anayetaka kitu cha kushika. Nendeni kwa paroko, kwa shule, kwa chama cha akiba, kwa mwenye arusi. Chukueni nusu ya pesa wakati wa kuagiza. Duka likitaka kuuza kwa niaba yenu, andikeni karatasi mbili: idadi, bei, siku ya kulipa, na nani anabeba hasara kadi zikichafuka. Pande zote zitie sahihi. Mwenye duka akikataa kutia sahihi, amewajibu tayari.

Mwaka 2019 walianza Agosti. Walitengeneza kadi 260, zote za maagizo, na mifuko zaidi ya 300. Karatasi walizihifadhi ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, si chini ya kitanda cha mtu. Januari waligawana, na yule mama aliyejitoa alikuja kikaoni akiwa amebeba furushi la kalenda kuukuu alizokusanya nyumba kwa nyumba. Hakuomba chochote. Mwenyekiti alimsogezea kiti.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kununua hata msumari, ulizaneni haya: Ni nani watatu, kwa majina, watakaonunua kwetu Desemba hii? Kwetu mvua huanza lini hasa? Kibarua hapa hulipa ngapi kwa siku, na sisi tutajilipa ngapi? Sanduku litakaa kwa nani, na ufunguo kwa nani mwingine? Katibu aandike majibu. Mkija kwetu na daftari hilo mwezi wa nane, tutaleta fremu.