Lisemwalo lipo? Somo kutoka Longbridge

Wenzangu, tuna msemo wetu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye biashara msemo huu unaweza kukutia hasara. Tuangalie kiwanda cha magari cha Longbridge, hapa hapa Birmingham.

Mwaka 2000 BMW waliwauzia Rover wafanyabiashara wa kundi la Phoenix kwa pauni 10. Ndiyo, kumi tu! Mwaka 2001 na 2002 magari ya MG yakakimbia mbio za saa 24 za Le Mans; kwa nje mambo safi. Ilipofika 2004, fununu zikawa kwamba SAIC ya Shanghai inakuja kuokoa jahazi.

Mazungumzo yalikuwepo kweli. Ila SAIC walichonunua ni haki za michoro ya Rover 25 na 75, siyo kiwanda. Aprili 2005 MG Rover ikafilisika, watu kama 6,000 wakakosa kazi. Julai, mali zikachukuliwa na Nanjing, wapinzani wa SAIC. Ripoti ya 2009 ikaonyesha wakuu watano walishajipatia zaidi ya pauni milioni 40.

Kwa hiyo nikisikia kampuni "inanunuliwa", nauliza matatu. Nani amesaini? Ananunua nini: jina, michoro, au kiwanda pamoja na madeni na wafanyakazi? Mpango ukivunjika, nani anaumia?

Kesho kutwa tukirudi nyumbani, baadhi yetu tutakaa kwenye meza za kuuza viwanda vya umma. Maswali hayo tuende nayo.