Rolf Krake, Manowari ya Chuma

Zamani manowari ziliundwa kwa mbao, na mizinga yake ilipangwa ubavuni. Nahodha aliyetaka kupiga upande mwingine hakuwa na budi kuigeuza merikebu nzima. Shida hiyo ilimfanya Cowper Coles, afisa wa manowari za Uingereza, abuni mnara mnene wa chuma wenye mizinga ndani yake. Mnara huo uliweza kuzungushwa huku merikebu ikishika njia yake.

Denmark, nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya, iliona mapema faida ya jambo hilo. Iliagiza manowari kwa Robert Napier, muundaji wa merikebu wa Glasgow, nayo ikashushwa majini mwaka 1863. Iliitwa Rolf Krake, jina la mfalme wa hadithi za kale. Ilikuwa na minara miwili na mizinga minne, na ubavu wake ulivikwa mabamba ya chuma yenye unene wa inchi 4½.

Mwaka 1864 majeshi ya Prussia na Austria yaliingia Schleswig, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark. Tarehe 18 Februari Rolf Krake ilitumwa Egernsund kuvunja daraja lililotandazwa na Waprussia juu ya mashua. Mizinga ya pwani iliipiga mara nyingi, wala haikuidhuru sana. Lakini maji yalikuwa haba, manowari isiweze kusogea karibu, na daraja likasalimika. Tarehe 18 Aprili, ngome za Dybbøl zilipotekwa, ilipigana tena. Kombora moja likapenya sitaha na kuua mtu mmoja.

Alfajiri ya tarehe 29 Juni Waprussia walivuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Als. Rolf Krake ilifika ikawapiga, lakini wengi walikwisha kuvuka. Kisha ikaondoka, na tendo hilo likalaumiwa sana. Kwa mapatano ya Vienna ya mwezi Oktoba, Denmark ilipoteza Schleswig, Holstein na Lauenburg.

Manowari hiyo iliendelea kutumika miaka mingi, hata ikauzwa kuvunjwa mwaka 1907. Chuma chake kilistahimili makombora, lakini hakikuweza kujaza mahali pa jeshi lililozidiwa nchi kavu. Kidole kimoja hakivunji chawa.